Je, Wajua? Kwa Gari-Nyumba Hadi Chimbuko la Mississippi

Wamarekani wana desturi moja tamu ya kiangazi: kuipakia familia kwenye gari lenye vitanda, jiko, choo na friji, kisha kwenda kulala kando ya maji kwenye hifadhi ya jimbo. Wao huliita RV. Hapa tuliite gari-nyumba. Ukianza kupanga safari ya namna hii, unagundua kwamba kila unachokigusa kina kisa chake, kuanzia waya wa umeme na mpira wa majitaka hadi mzigo wa kuni. Tumechagua hifadhi ya Itasca, jimboni Minnesota, mwendo wa saa nne hivi kutoka Minneapolis, jiji ambalo Wakenya na Wasomali wengi wamelifanya nyumbani. Hapo ndipo mto Mississippi unapozaliwa. Funga mkanda.

LESENI YA GARI DOGO, GARI LA UREFU WA BASI

Minnesota, mtu mwenye leseni ya kawaida anaruhusiwa kuendesha gari-nyumba la matembezi la ukubwa wowote. Makubwa kabisa yana urefu wa mita 13.7. Basi la mkoani ulilopanda mara ya mwisho huenda lilikuwa na mita 12!

California ni wakali kidogo: gari-nyumba likizidi futi 40, yaani mita 12.2, dereva anatakiwa kuwa na leseni ya daraja jingine. Popote pale, anayekodi kwa mara ya kwanza ajipe saa moja ya mazoezi kwenye uwanja mtupu, kwa sababu ukikata kona, mkia wa gari unafagia upande wa pili, na aliyezoea gari dogo haukumbuki mpaka asikie kishindo.

DARAJA LINALOKWANGUA MAPAA

Mjini Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililopata umaarufu duniani kwa kuchana mapaa ya malori na magari-nyumba. Nafasi chini yake ilikuwa futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56. Mwaka 2019 likainuliwa kwa inchi 8, na bado magari yanaligonga.

Tatizo ni kiyoyozi. Dereva anajua urefu wa gari lake kutoka mbele hadi nyuma, lakini anasahau lile boksi la kiyoyozi lililokaa juu ya paa. Kwa hiyo wazoefu hupima kimo tangu ardhini hadi kwenye kitu cha juu kabisa, wakaandika namba hiyo kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani. Ukikodi gari, ifanye iwe kazi yako ya kwanza.

RAIS PORINI NA MKAA KWENYE MIFUKO

Mwaka 1921, Rais wa Marekani Warren Harding alikwenda kupiga kambi porini Maryland pamoja na Henry Ford wa magari, Thomas Edison wa balbu na Harvey Firestone wa matairi. Mabwana hao watatu, mwanzoni pamoja na mwandishi wa mambo ya asili John Burroughs, walisafiri hivyo karibu kila mwaka kati ya 1915 na 1924, wakifuatwa na magari ya mizigo, moja likiwa limegeuzwa jiko kamili lenye sehemu ya kuhifadhi vyakula kwa barafu. Magazeti yaliwafuata, picha zikaenea, na Wamarekani wa kawaida wakaanza kutamani kambi ya gari.

Na kuna la ziada. Aliyemsaidia Ford kupata misitu ya mbao kule Michigan ni jamaa yake aitwaye Edward Kingsford. Mabaki ya mbao za kiwandani yakachomwa, yakasagwa na kugandamizwa kuwa vipande vya mkaa vyenye umbo moja. Mkaa huo, ulioanza kwa jina la Ford, leo unaitwa Kingsford, na ndio unaochoma nyama kwenye kambi nyingi za Marekani. Kampuni ya magari imewaachia Wamarekani mkaa wa kuchomea nyama!

TRELA 41 KUTOKA CAPE TOWN HADI CAIRO

Afrika Mashariki tuliwahi kupitiwa na msafara wa nyumba za magurudumu. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream inayotengeneza trela za alumini zinazong'aa kama sufuria mpya, aliongoza familia zenye trela 41 kutoka Cape Town. Walipita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, wakafika Cairo mwaka 1960 na kuegesha nyumba zao jirani na piramidi za Giza. Jaribu kuziona akilini barabara za wakati huo, za udongo mtupu, masika yakiwa yamekolea, na nyuma ya kila gari nyumba nzima inavutwa!

Miaka tisa baadaye, trela ya kampuni hiyohiyo ikawapokea watu kutoka mwezini. Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins waliporudi Julai 1969, wataalamu waliogopa kwamba huenda wamebeba vijidudu visivyojulikana. Wakafungiwa ndani ya Airstream iliyobadilishwa, bila magurudumu, juu ya meli ya kivita, na Rais Nixon akawapongeza akiwa nje ya dirisha. Wanaume watatu waliotoka kuona dunia yote kwa mara moja walipumzikia ndani ya karavani.

TUNDU MOJA LA NYUMBANI KWAKO NI KARIBU SAWA NA GARI ZIMA

Ukiweka nafasi kambini utaulizwa: umeme wa ampea 30 au 50? Mtu hufikiri ya pili inaizidi ya kwanza kidogo tu. Sivyo kabisa. Ya 30 inatoa wati 3,600. Ya 50 inaingia kwa nyaya mbili za moto, kila moja ampea 50, hivyo jumla ni wati 12,000, zaidi ya mara tatu.

Sasa linganisha na kwetu. Umeme wa Marekani katika matundu ya kawaida ni volti 120. Wa Dar es Salaam na Nairobi ni kama 230 au 240. Tundu moja la ampea 13 ukutani kwako linaweza kutoa wati 3,000 hivi. Maana yake ni kwamba gari-nyumba zima la ampea 30, lenye kiyoyozi, maikrowevu, taa na televisheni, linaishi kwa umeme unaozidi kidogo tu ule wa tundu moja unalochomekea birika au pasi. Ndiyo maana ndani ya magari hayo kuna sheria ya familia: anayetaka kuwasha maikrowevu apige kelele kwanza, kiyoyozi kizimwe.

MOTO UNAOGANDISHA BARAFU

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Friji za magari-nyumba mengi hupoza kwa moto. Nyuma ya friji kuna mwali mdogo wa buluu wa gesi, hauzidi ncha ya kidole, na mwali huo unagandisha barafu juu yake. Hakuna mota, hakuna mngurumo, hakuna kinachozunguka. Ukilala usiku husikii chochote.

Siri yake unaijua tayari kwenye ngozi yako. Muuguzi akikupaka spiriti kabla ya sindano, unasikia baridi, kwa sababu spiriti inapokauka inaondoka na joto lako. Ndani ya mabomba ya friji hiyo, yaliyozibwa kabisa, kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto unaichemsha amonia mpaka inatoka kwenye maji kama mvuke; inapanda, inapoa na kuwa kimiminika; kisha inashuka mahali penye haidrojeni, na pale inakauka kwa kasi ikinyonya joto la nyama na maziwa yako. Baada ya hapo maji yanaimeza tena, na mzunguko unaanza upya, miaka na miaka.

Waliobuni mtambo huu ni wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Wanafunzi! Hata Albert Einstein, pamoja na mwenzake Leo Szilard, alibuni friji yake isiyo na mota na kupewa hati miliki ya Marekani mwaka 1930, lakini ya vijana wale wa Sweden ndiyo iliyoingia majumbani.

Ila ina sharti. Kwa kuwa vimiminika vyake vinatembea kwa kushuka tu, friji ikikaa upande vinakwama njiani huku moto unaendelea kuwaka, na mabomba yanaweza kuharibika moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akifika kambini, kabla hata ya kunyoosha miguu, anaweka pima-maji sakafuni, ileile ya fundi mwashi, na kusukumiza vibao chini ya matairi mpaka lile povu litulie katikati. Magari mapya mengi yameanza kutumia friji ya mota ya betri, isiyo na adha hiyo. Mimi bado nausujudia ule mwali wa buluu.

KENGELE YA GESI IKO MIGUUNI

Kengele ya moshi hufungwa darini, lakini ya gesi hufungwa karibu na sakafu, usawa wa kifundo cha mguu. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini kama maji. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo tunaoujua kutoka kwenye mitungi ya jikoni umetiwa makusudi kiwandani ili pua ikuokoe.

MIFUKO MITATU YA SARUJI

Ukijaza tanki la maji safi la galoni 40, umepakia mifuko mitatu ya saruji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na galoni 40 za Kimarekani ni lita 151. Watu wengi husafiri na tanki lenye maji kidogo tu, wakajaza wakifika, na mafuta ya gari yanawashukuru.

Chini ya gari huwa kuna matanki matatu: la maji safi, la maji ya kijivu yatokayo kwenye sinki na bafu, na la maji meusi, yaani choo. Itasca viwanja vingi vina umeme lakini majitaka unakwenda kuyamwaga kwenye kituo maalumu ndani ya hifadhi. Hapo kuna utaratibu wa busara: unafungua tanki jeusi kwanza, kisha la kijivu, ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Na lile jeusi halifunguliwi mpaka likaribie kujaa. Ukiliacha wazi, maji yanatoka peke yake, yale mazito yanabaki na kujenga kilima kigumu ambacho mafundi hulipwa fedha nzuri kukibomoa. Hapana, si mazungumzo ya mezani, lakini ni heri uyasikie leo kuliko kuyaona.

MDUDU ANAYEPANDA GARI

Kuni za nyumbani kwako ni marufuku kambini. Hifadhi za jimbo la Minnesota zinataka kuni zilizoidhinishwa tu, na kuokota porini hairuhusiwi. Sababu ni mbawakawa mmoja wa kijani kinachong'aa kama kito, mwenye urefu wa sentimita moja na kidogo. Asili yake ni Asia, na inaelekea alifika Marekani ndani ya mbao za kufungia mizigo. Aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Mabuu yake hula chini ya gome la miti iitwayo ash, wakakata njia ya maji na chakula, na mti unakufa umesimama. Makumi ya mamilioni ya miti imekwenda hivyo.

Peke yake mdudu huyu haendi mbali. Lakini akiwa ndani ya gogo nyuma ya gari, anasafiri kilomita 100 kwa saa kama mwenye tiketi. Mwaka 2009 alionekana St. Paul, Minnesota. Ukitaka kujua kama mti umeshavamiwa, angalia gome: mdudu mzima anapotoka huacha kitundu chenye umbo la herufi D, kana kwamba kimepigwa mhuri.

ZIWA LENYE JINA LILILOKATWA KICHWA NA MKIA

Itasca linasikika kama jina la kale la wenyeji, lakini limetungwa kwa Kilatini. Mwaka 1832 Henry Schoolcraft alikuwa akitafuta chimbuko la Mississippi. Aliyemwongoza hadi ziwani ni Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe, watu ambao hawakuwa wakitafuta kitu. Walikuwa wanalijua ziwa hilo siku zote na wana jina lao kwa ajili yake, lenye maana ya ziwa la kulungu. Schoolcraft alimwomba mmisionari William Boutwell maneno ya Kilatini ya kusema "ukweli" na "kichwa". Akapewa veritas na caput. Ondoa herufi tatu za mwanzo, ondoa tatu za mwisho, unganisha kinachobaki: itas na ca.

Jina la mto wenyewe limebaki la Waojibwe: misi-ziibi, mto mkubwa.

MKONO WA MARY GIBBS

Mwaka 1903 hifadhi hii ilikuwa chini ya mwanamke wa miaka 24, wakati wanawake wa Marekani walikuwa wamebakiza miaka 17 kuipata haki ya kupiga kura kote nchini. Mary Gibbs alikabidhiwa kazi hiyo baada ya kifo cha baba yake aliyekuwa akiishika. Wakata magogo walikuwa wamefunga bwawa lao ili maji yapande na kuyabeba magogo, na misonobari ya ukingoni ikawa inazama na kufa. Binti huyo akaenda kudai malango yafunguliwe. Akakutana na wanaume wenye silaha, na mmoja akatishia kumpiga risasi yeyote atakayegusa mtambo wa kuyafungua. Mary akauweka mkono wake juu ya mtambo. Risasi haikulia.

Hakudumu kazini hata mwaka. Hata hivyo, hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1891, ya kwanza jimboni, bado ina misonobari mirefu iliyoonekana na macho yake, na jengo la kupokea wageni kwenye chimbuko lina jina lake. Pita usome habari zake kabla ya kukimbilia majini.

MAWE YALIYOPANGWA

Picha maarufu kuliko zote za Itasca ni ya mstari wa mawe ambapo watoto wanavuka Mississippi kwa miguu. Mawe yale hayakujipanga. Zamani hapo palikuwa na kinamasi cha matope, na katika miaka ya 1930 vijana wa kikosi cha uhifadhi kilichoundwa na Rais Franklin Roosevelt waliutengeneza mkondo upya na kupanga mawe mdomoni mwa ziwa, ili mwanzo wa mto mkubwa uwe na sura ya kupendeza.

Nao unapendeza kweli. Maji ni maangavu, unaona kokoto na vidole vyako, kina hakimfikii mtu mzima kiunoni. Jiwe moja linateleza, mtoto anashika shati la baba, hatua kama kumi na tano, mmevuka. Kwa sekunde moja hapo hupita lita 170 hivi za maji, kiasi kinachokaribia kujaza pipa moja la chuma. Mto huohuo ukifika New Orleans unabeba mara 100,000 ya hapo.

NDEGE MWENYE MIFUPA MIZITO

Usiku wa kwanza kambini utasikia sauti ndefu ziwani, kati ya kilio na kicheko. Usiogope. Ni loon, ndege wa jimbo la Minnesota, mwenye macho mekundu. Ndege wengi wana mifupa yenye uwazi ndani ili wawe wepesi. Ya huyu mingi imejaa, na uzito huo ndio unaomzamisha akifuata samaki. Gharama anailipa akitaka kuruka: hukimbia juu ya maji akipiga mbawa, wakati mwingine karibu mita 400, kama ndege ya abiria inayotafuta mwisho wa uwanja.

MTO UNAOANZA KWA KUKOSEA NJIA

Mississippi unamwaga maji kusini, lakini ukitoka Itasca unaelekea kaskazini! Unakwenda hadi mji wa Bemidji, unageuka mashariki, ndipo unapokumbuka safari yake ya kusini. Gogo lililosimamishwa penye mawe limeandikwa kwamba hapo ni futi 1,475 juu ya usawa wa bahari, na mto una maili 2,552 za kwenda. Yaani mita 450 za kushuka katika kilomita zaidi ya 4,100. Reli ya Nairobi hadi Mombasa inashuka karibu mara nne ya hapo katika kilomita 480 hivi tu.

Ukiitaka safari hii kwa kiangazi, kumbuka kwamba viwanja vya kambi Itasca ni zaidi ya 200 na bado vinajaa, na milango ya kuweka nafasi hufunguliwa siku 120 kabla. Anayetaka kulala huko tarehe 1 Julai awe macho tangu mwanzoni mwa Machi. Na ukifika siku hiyo, chota maji kwa kiganja pale kwenye mawe uyarudishe mtoni. Tone moja huchukua siku 90 hivi kufika Ghuba ya Mexico. Lako litaingia baharini mwishoni mwa Septemba.